Misiani wa Shirati: muziki tuliucheza, maneno tukayaacha Kisumu

Remmy Ongala wa Super Matimila alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 akiwa tayari ni mwanamuziki, na alipofariki Desemba 2010 alililiwa kama mtoto wa nyumbani. Hadi leo Sinza kuna mahali panaitwa Kwa Remmy na makondakta wa daladala wanapataja kila siku. Daniel Owino Misiani yeye alizaliwa huku huku kwetu, Nyamagongo, Shirati, kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria mkoani Mara, tarehe 22 Februari 1940. Akavuka mpaka akiwa kijana, akawa nguzo ya muziki wa benga, na ukimtaja leo nje ya Kanda ya Ziwa wengi watakuambia huyo ni Mkenya. Wote wawili walikuwa watunzi hodari, na wote wawili waliwaudhi wakubwa kwa maneno: Remmy kwa Mambo kwa Soksi, wimbo wa kondomu ambao Radio Tanzania ilikataa kuupiga, Misiani kwa nyimbo zilizomfikisha mikononi mwa polisi wa Kenya zaidi ya mara moja. Aliyetoka mbali tukampokea, aliyezaliwa kwetu tukamwacha aende zake. Dai langu ni kwamba kilichowatenganisha ni lugha, na hasa lugha ya redio. Misiani, aliyeimba kwa Kijaluo, alikuwa mtunzi wa maneno kabla ya kuwa mpiga gitaa, na nchi iliyomzaa ilimpoteza kwa sababu haikuwa na chombo ambacho maneno yake yangesikika. Habari ya studio na viwanda vya santuri, ambayo ndiyo husemwa siku zote, ni sababu ya pili.

Shirati ni mji mdogo wa wavuvi, wakulima na wamisheni. Wamenonaiti kutoka Marekani walifika hapo mwaka 1934, wakaacha kanisa na hospitali ambayo bado inawatibu watu wa Rorya. Wazazi wa Misiani walikuwa waimbaji wote wawili, lakini gitaa machoni mwao lilikuwa jambo lingine, na gitaa lake la kwanza liliharibiwa nyumbani kwa ajili ya dini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akahamia Kenya, na kufikia katikati ya muongo huo alikuwa na kundi lake, Victoria Boys, na alikuwa ameanza kurekodi. Kundi likabadilishwa jina mara kadhaa mpaka likatulia kwenye lile lililodumu, Shirati Jazz. Jina hilo halikuwekwa kwa bahati. Soko lake lilikuwa Kisumu na Nairobi, washindani wake walikuwa wakina Ochieng Nelly na Collela Mazee wa Victoria Jazz pamoja na George Ramogi, mawakala waliouza santuri zake walikuwa Wakenya, naye akaendelea kuchapisha kwenye kibandiko cha kila santuri jina la kijiji cha Tanzania ambacho mnunuzi wa Nairobi pengine hakujua kilipo.

Ili kuona kwa nini namwita mtunzi wa maneno, inafaa kuisikiliza kwa makini santuri moja ya Shirati Jazz ya miaka ya 1970, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Gitaa la solo linafungua kwa kifungu kifupi, besi inaingia kwa kurukaruka, kisha sauti mbili zinaimba pamoja, moja juu kidogo ya mwenzake. Mstari ukiisha, solo linaujibu kwa kuurudia, halafu linajishusha kungoja mstari unaofuata. Mambo yanakwenda hivyo ubeti kwa ubeti, hakuna haraka. Baadaye waimbaji wananyamaza, solo na besi zinafukuzana, na hapo ndipo watu wanapoacha bia mezani. Wimbo ukiwa mrefu kuliko upande mmoja wa santuri, unakatwa sehemu mbili, na mara nyingi mzigo mkubwa wa maneno unabaki upande wa kwanza, upande wa pili ukawa wa kuchezea. Msikilizaji asiyejua Kijaluo hukaa akingojea huo upande wa pili. Anayekijua anaweza kuridhika na ule wa kwanza peke yake.

Mpangilio huo ni mkongwe kuliko gitaa la umeme. Umetoka kwenye nyatiti, kinubi cha nyuzi nane cha Wajaluo, ambacho mpigaji wake huketi chini, huimba, na kuziachia nyuzi zimjibu. Mpiga nyatiti aliitwa msibani na kwenye sherehe ili aseme: amtaje marehemu na ukoo wake, awasifu waliohudhuria, amchome mtu mchoyo kwa mafumbo. Msikilizaji naye alikuwa na haki ya kumsimamisha, atoe fedha, ajisifu kwa maneno ya kupangwa, ndipo muziki uendelee. Watu wa benga waliurithi utaratibu huu pamoja na nyuzi zake, na ndiyo sababu nyimbo zao zimejaa majina ya watu na mahali, sifa za wafadhili na salamu kwa marafiki. Kwa kipimo cha Kiswahili, Misiani yuko karibu zaidi na manju wa ngoma kuliko na kiongozi wa bendi ya ukumbini. Wasukuma wa Mwanza watalielewa hili haraka, maana mashindano ya makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yamewazoesha kwamba manju hupimwa kwa utunzi, na ngoma hupigwa ili utunzi ufike.

Najua pingamizi litakalokuja hapa, na lina nguvu. Benga ilipendwa na watu wasioelewa neno hata moja la Kijaluo. Santuri zilizotoka Kenya, nyingi zikipitia mikononi mwa Phares Oluoch Kanindo, zilifika mpaka Zimbabwe, na huko muziki wenyewe ukaitwa kanindo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni za London zikatoa albamu za Misiani, Benga Beat kwa World Circuit na Piny Ose Mer kwa Globestyle, zikanunuliwa na Waingereza ambao hawajawahi kuiona Kisumu. Je, hilo halithibitishi kwamba kilichosafiri ni gitaa, na maneno yalikuwa mzigo wa ziada?

Linathibitisha nusu tu. Wanamuziki wa Zimbabwe hawakuishia kuzipiga santuri za Kenya. Waliyachukua magitaa yale, wakayatilia maneno ya Kishona, wakapata muziki wao wa sungura, jina ambalo nalo lilitokana na kibandiko cha santuri za Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba mdundo ulivuka, lakini mahali pa maneno palibaki wazi, wakaona lazima wapajaze wenyewe. Hata kule London, albamu ya Piny Ose Mer iliandikwa jaladani tafsiri ya jina lake, kwamba dunia imekwenda kombo. Mchapishaji alihisi mnunuzi atakosa kitu asipopewa hata hicho kidogo. Ushahidi mkubwa zaidi wanao polisi. Hakuna serikali iliyowahi kumkamata mtu kwa jinsi alivyopiga solo. Walioelewa alichosema walimweka ndani, wasioelewa wakampigia makofi, na katika makundi hayo mawili naona la kwanza ndilo lililomsikiliza vizuri, hata kama halikumtendea haki.

Alisema nini? Mashabiki wake nchini Kenya walimpa jina la Mfalme wa Historia, na halikuwa jina la mapambo. Misiani aliimba mapenzi kama wenzake wote, na aliimba vifo vya watu aliowajua, lakini sifa yake hasa ilitokana na nyimbo zilizosimulia mambo yaliyopita kwa shabaha ya yaliyopo. Alichota katika Biblia, akiwaimba wafalme na manabii wa Israeli kwa namna ambayo mkulima wa Siaya angejua ni mfalme gani wa leo anayesemwa. Alichota pia katika ngano za wanyama. Bim en Bim, wimbo wa miaka yake ya mwisho, unamzungumzia nyani ambaye habadiliki na kuwa kitu kingine, na wasikilizaji wengi wa Kenya waliupokea kama hukumu juu ya wanasiasa waliokuwa madarakani baada ya uchaguzi wa 2002. Hiyo ndiyo kazi ya fumbo. Linamwezesha mtunzi kuapa mahakamani kwamba alimwimba nyani, na kila aliyemo mahakamani anajua sivyo. Washairi wa Kiswahili wa pwani wameifanya kazi hiyo kwa karne nyingi, na Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928 alijua kumwimba tajiri au hakimu bila kumtupia tusi. Misiani alikuwa wa ukoo huo wa utunzi, ila lugha yake ilikuwa nyingine.

Tuje sasa kwenye swali la kwa nini aliondoka. Jibu la kawaida ni studio. Tanganyika, na baadaye Tanzania, haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nairobi kilikuwepo, pamoja na wafanyabiashara wa muziki waliojua soko. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwa sababu liliwahusu watunzi wote wa nchi hii, na wengi wao walirudi. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alitoa santuri zake kwa kibandiko cha Mzuri cha Mombasa, na mpaka ajali ilipomuua mwaka 1965 alibaki mtu wa Morogoro. Mbaraka Mwinshehe, akiwa na Morogoro Jazz na kisha Super Volcano aliyoiunda mwaka 1973, alirekodi Nairobi, akauza sana Kenya, na umauti ukamkuta huko huko kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi Januari 1979. Hakuna hata siku moja aliyoitwa mwanamuziki wa Kenya. Morogoro Jazz ndiyo iliyopelekwa Osaka mwaka 1970 kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia. Studio ya ng'ambo iliwachukua hawa kwa wiki, ikawarudisha. Misiani ilimchukua kwa maisha yake yote, kwa hiyo lazima kulikuwa na kitu zaidi ya studio.

Kitu hicho ni redio. Wimbo wa miaka ya 1960 na 1970 uliishi kwa njia mbili, santuri na redio, na kwa mtu wa kijijini redio ndiyo iliyokuwa kubwa. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza kwa Kiswahili, na bendi zilizokwenda kurekodi katika studio yake zilijua hivyo. NUTA, Polisi, Jeshi, Morogoro, Tabora, wote walitunga kwa lugha ambayo kijana wa Lindi na wa Bukoba wangeielewa sawasawa. Matunda yake tunayala mpaka leo. Sidhani kama kuna nchi nyingine ya Afrika Mashariki yenye hazina ya mashairi ya dansi kama yetu, na hiyo si bahati, ni sera. Lakini katika mfumo huo wimbo wa Kijaluo, au wa Kisukuma, au wa Kikerewe, ulikuwa na nafasi kama ngoma ya asili, kitu cha kuwakilisha kabila kwenye sherehe. Wimbo wa kisasa wa gitaa la umeme, wenye jina la mtunzi na hoja ya mwaka huu, haukuwa na pa kuingilia. Sauti ya Kenya, kwa upande wake, ilikuwa na kituo Kisumu kilichotangaza kwa lugha za magharibi mwa nchi, Kijaluo kikiwamo. Kwa mtunzi wa Shirati, Kisumu palikuwa karibu kuliko Dar es Salaam kwa barabara, na karibu zaidi kwa lugha.

Ziwa lenyewe lilimsaidia kuamua. Katika miaka ile meli za Jumuiya ya Afrika Mashariki, MV Victoria ikiwa ndiyo fahari yao, zilizunguka Mwanza, Musoma, Bukoba, Port Bell na Kisumu, na mtu wa ufukweni alilihesabu ziwa zima kuwa nyumbani. Kisha Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na ukabaki umefungwa mpaka mwaka 1983. Hiyo ndiyo miaka ambayo benga ilikuwa katika kilele chake. Mtunzi akawa upande mmoja, kijiji kilichoipa bendi yake jina kikawa upande mwingine. Mawimbi ya redio kutoka Kisumu yaliendelea kuvuka bila kuonyesha pasi, na ndivyo watu wa Mara walivyomsikia mwana wao, kupitia redio ya nchi jirani.

Kama kuna mtu anayeona natia chumvi kuhusu lugha, amtazame Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Kitereza hakuimba, aliandika riwaya kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Mswada ukakaa miaka na miaka bila mchapishaji, hadi mwandishi mwenyewe, mzee wa kisiwani, alipoutafsiri kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikautoa kwa tarehe ya mwaka 1980, juzuu mbili za maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na Kitereza akafariki mwaka 1981. Wako hapo watu wawili wa ufukwe mmoja. Mmoja alibaki nyumbani akangoja miaka thelathini na mitano mpaka kazi yake ikapita mlango wa Kiswahili. Mwingine hakungoja. Nani alichagua vizuri? Kwa wasomaji wa Tanzania, Kitereza, kwa sababu leo tunaye mkononi. Kwa maisha ya mtunzi mwenyewe, aliyetaka kula kwa kazi yake na kusikilizwa akiwa hai, naona Misiani alikuwa na haki.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote, nalo ni la umoja wa taifa. Watu wenye busara watasema kwamba sera ile ya Kiswahili ndiyo iliyotuepusha na yaliyowapata wengine, na watataja Kenya hiyo hiyo, ambako baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 redio za lugha za makabila zilituhumiwa kuchochea mauaji, hata mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, akapelekwa The Hague. Kesi yake ilifutwa mwaka 2016, lakini hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Siipuuzi hoja hiyo. Kama ningelazimika kuchagua kati ya Kiswahili cha taifa zima na saa moja ya benga kila jioni, ningechagua Kiswahili. Ninachokataa ni kudhani kwamba tulilazimika. Mtangazaji anayezungumza siasa saa zote ni kitu kimoja. Wimbo unaotangulizwa kwa maelezo ya Kiswahili, msikilizaji wa Songea akaambiwa huyu ni Misiani wa Shirati na anasema hivi, ni kitu kingine kabisa. Hilo lingewezekana kwa gharama ya dakika mbili za mtangazaji. Zaidi ya hapo, nyimbo za Kikongo zilipigwa Radio Tanzania kwa miaka mingi, Kilingala chake chote kikiwamo, na hakuna aliyesema umoja umetetereka. Tulikubali kutoelewa maneno ya mgeni. Ya mwenzetu wa Mara tukayaona ya ukabila.

Wako pia watakaosema kwamba suala hili limekwisha zamani, kwamba Misiani ni wa Kenya kwa kazi, kwa hadhira na kwa umaarufu wake. Sina haja ya kumnyang'anya mtu. Kenya ilimpa studio, redio na wasikilizaji, nayo inastahili kumdai. Lakini Kenya hiyo hiyo, kila nyimbo zake zilipokuwa kali, ilimkumbusha kwamba yeye ni mgeni na kumtishia kumrudisha kwao. Maofisa wale hawakuwa na shaka alikotoka. Alifariki tarehe 17 Mei 2006 katika ajali ya barabarani Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66, bado anapiga muziki na bado anasema.

Siku hizi waimbaji wa Kisukuma wanarekodi katika studio ndogo za Mwanza, Geita na Shinyanga na kujipandishia wenyewe YouTube, bila kumwomba mtu ruhusa ya lugha. Kizuizi kilichomtoa Misiani kimeshabomoka, ingawa kimebomolewa na simu za mkononi, si na uamuzi wetu. Kazi iliyobaki ni ya maneno ya zamani. Watu wanaojua Kijaluo cha ndani na Kiswahili kizuri wapo Shirati, wapo Musoma, wapo Mwanza mjini. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko hapa hapa Mwanza, Malimbe, na kila mwaka wanafunzi wake wanatafuta mada za utafiti. Wazee waliozisikia nyimbo hizo zikiwa mpya, na wanaojua ni nani aliyesemwa katika kila fumbo, wengi sasa wana miaka sabini na zaidi. Mwenye santuri za Shirati Jazz kabatini asiziuze kwa bei ya chupa tupu, na mwenye babu anayezikumbuka amkalishe, awashe kinasa sauti cha simu, waanze na Bim en Bim.